Mifupa ya Mama Zetu Baada ya Hedhi Kukoma

Katika kata zetu, ajali inayowavunja mifupa wanawake wazee mara nyingi si ya pikipiki wala ya kuanguka kutoka mahali pa juu. Ni ajali ndogo ya nyumbani. Mama wa miaka 70 ameamka usiku kwenda msalani, amekanyaga sakafu yenye maji au amejikwaa kwenye kizingiti, ameanguka kwa kimo chake mwenyewe, na hawezi kuinuka. Kijana akianguka namna hiyo hujipangusa vumbi akaendelea na shughuli zake. Mama huyu amevunjika nyonga.

Sababu ya tofauti hiyo haikuanza usiku ule. Ilianza miaka 20 nyuma, pale hedhi yake ilipokoma, na kwa sehemu ilianza mapema zaidi, alipokuwa msichana. Makala hii inaeleza kilichotokea ndani ya mifupa yake katika miaka hiyo yote, chakula cha pwani yetu kinaweza kusaidia nini na hakiwezi kusaidia nini, na familia ifanye nini siku mzee anapoanguka. Inawahusu wazee wenyewe, lakini inawahusu vilevile binti zao walio na miaka 45 na wajukuu walio shuleni.

Mfupa ni kitu hai

Wengi wetu tumezoea kuuona mfupa ukiwa mkavu, sokoni au jaani, na hivyo tunaudhania kuwa kama jiwe. Mfupa ulio ndani ya mwili ni kitu hai kinachofanyiwa matengenezo kila siku. Anayeishi Pangani amewaona mafundi wa majahazi wakifanya kazi ufukweni: ubao uliochoka hung'olewa, ubao mpya hupigiliwa mahali pake, na chombo kikaendelea kusafiri miaka mingi kikiwa kilekile ingawa mbao zake si zilezile. Mifupa yetu hutengenezwa hivyo. Zipo seli ambazo kazi yake ni kubomoa sehemu zilizochakaa, na zipo seli ambazo huzifuata nyuma na kujenga upya. Kwa mtu mzima, takriban sehemu moja ya kumi ya mifupa yote hutengenezwa upya kila mwaka.

Katika utoto na ujana wajenzi huwazidi wabomoaji, na mifupa hurefuka na kuwa mizito. Takriban asilimia 90 ya akiba ya mfupa ambayo mwanamke atakuwa nayo maishani huwa imekwisha kuwekwa kabla hajafikisha miaka 20. Kati ya miaka 25 na 30 hivi akiba hiyo hufikia kilele chake. Baada ya hapo wabomoaji na wajenzi hulingana kwa muda mrefu, kisha mizani huanza kuelemea upande wa kubomoa, kwa wanaume na kwa wanawake. Ila kwa wanawake kuna tukio moja ambalo huiangusha mizani hiyo kwa ghafla.

Homoni inapoondoka

Homoni ni kemikali ambazo tezi za mwili humwaga katika damu ili kupeleka maagizo kwenye viungo vya mbali. Estrojeni hutengenezwa zaidi na ovari, na wengi wanaifahamu kama homoni ya hedhi na uzazi. Kazi yake nyingine haitajwi sana: estrojeni ndiyo inayowazuia wabomoaji wa mfupa wasifanye kazi kupita kiasi. Inafanana na nahodha anayesimama ufukweni akihakikisha kwamba fundi hang'oi ubao ulio mzima. Aidha, huusaidia utumbo kufyonza kalsiamu iliyomo katika chakula na huzisaidia figo zisiipoteze katika mkojo.

Hedhi hukoma kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55. Ovari huacha kutoa estrojeni kwa wingi, na nahodha huyo huondoka. Wabomoaji huachiwa huru, na wajenzi huendelea na kazi lakini hawawezi tena kuwafikia. Katika miaka mitano hadi saba ya mwanzo upotevu huwa wa kasi, kwa wanawake wengi asilimia 1 hadi 2 ya mfupa kila mwaka, na kwa baadhi yao zaidi ya hapo. Baadaye kasi hupungua, ingawa upotevu wenyewe hauishi.

Uhusiano huu ulielezwa waziwazi na daktari wa Marekani, Fuller Albright, mjini Boston mwaka 1941. Alitambua kwamba karibu wagonjwa wake wote waliokuwa na mifupa iliyopungukiwa bila sababu nyingine walikuwa wanawake ambao hedhi yao ilikuwa imekoma. Wataalamu huuita ugonjwa huu osteoporosisi, yaani mfupa wenye matundu. Kwa nje mfupa unabaki na umbo lake, lakini ndani yake nyuzi zinazoushikilia zimekuwa nyembamba na chache, mithili ya ubao ulioliwa na mchwa huku rangi yake ikiwa bado nzuri.

Ugonjwa huu hauna maumivu. Hapo ndipo ulipo ubaya wake. Maumivu ya magoti na viungo, ambayo ndiyo huwapeleka wazee wetu wengi kwenye zahanati, kwa kawaida ni ugonjwa mwingine wa kusagika kwa viungo. Mfupa unaopungua hukaa kimya hadi unapovunjika, na sehemu zinazovunjika zaidi ni tatu: kifundo cha mkono, pingili za uti wa mgongo, na nyonga. Pingili za mgongo huweza kubonyea bila hata kuanguka, kwa kuinama tu kuinua ndoo ya maji. Mama hupata maumivu makali ya mgongo kwa wiki kadhaa, yakaisha, akasahau. Baada ya pingili ya pili na ya tatu anaanza kupinda. Tukimwona bibi mwenye kibiongo tunasema ni uzee. Huenda ni mifupa iliyokwisha kuvunjika mara kadhaa na hakuna aliyemtibu.

Ipo alama moja ambayo familia inaweza kuiona bila kipimo chochote: kimo. Ikiwa gauni lililokuwa likimfika mama kwenye vifundo vya miguu sasa linaburuza, au haifikii tena rafu ya kabati aliyokuwa akiifikia, inafaa apelekwe kituo cha afya aonwe. Picha ya eksirei huonyesha mfupa uliovunjika, lakini haiwezi kugundua upungufu wa mapema. Hadi picha ya kawaida ionyeshe wepesi wa mfupa, takriban asilimia 30 huwa imekwisha kupotea. Kipimo maalumu cha uzito wa mifupa hufanyika katika hospitali kubwa, na daktari ndiye anayeamua nani akihitaji.

Wapo wanaopaswa kuwa waangalifu kuliko wengine: mwanamke ambaye hedhi yake ilikoma kabla ya miaka 45 au aliyetolewa ovari kwa upasuaji; mwenye mwili mwembamba sana; ambaye mama yake alivunjika nyonga; mvutaji wa sigara na mnywaji wa pombe nyingi. Kundi jingine ni wale wanaotumia kwa muda mrefu dawa za jamii ya steroidi, kama prednisoloni na deksamethasoni. Dawa hizi huokoa maisha zinapotolewa na daktari, na mgonjwa wa pumu au wa baridi yabisi aliyeandikiwa asiziache kwa kusoma makala haya. Tunaowazungumzia kwa masikitiko ni wale wanaozinunua dukani kwa siri ili wanenepe. Unene unaopatikana hivyo, mfupa ndio unaoulipia.

Je, watoto hula mifupa ya mama?

Akina mama wengi wa pwani husema, "Watoto wangu wanane ndio walionila mifupa." Kauli hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba mimba na unyonyeshaji huchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa ya mama, kwa sababu mtoto hujengwa kwa madini hayo. Hata hivyo, uchunguzi katika nchi nyingi umeonyesha kwamba mfupa huo hurudi mtoto anapoachishwa ziwa na hedhi kurejea. Estrojeni inarudi kazini, na mjenzi anapata nafasi. Mama aliyezaa watoto wanane na kuwanyonyesha wote hana sababu ya kujilaumu wala ya kuwalaumu. Upotevu usiorudi ni ule wa baada ya hedhi kukoma kabisa.

Kalsiamu na sufuria zetu

Asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili imo katika mifupa na meno. Ile asilimia 1 iliyobaki, iliyomo katika damu na misuli, ndiyo inayouwezesha moyo kupiga, misuli kujikunja na damu kuganda mtu anapojikata. Mwili hauvumilii kiwango hicho kishuke hata kidogo. Kinapoelekea kushuka, tezi nne ndogo zilizo shingoni, nyuma ya ile inayovimba na kuwa rovu, humwaga homoni ya parathairoidi, nayo hutoa amri moja: kalsiamu ichukuliwe mifupani. Kwa hiyo mifupa ni ghala. Mtu asiyekula kalsiamu ya kutosha hatasikia udhaifu wowote leo, kwa kuwa moyo wake unalishwa kutoka ghalani.

Kiwango kinachopendekezwa kwa mwanamke aliyekoma hedhi hutofautiana kati ya nchi na nchi. Wataalamu wengi hutaja miligramu 1,000 hadi 1,300 kwa siku. Glasi moja ya maziwa ya ng'ombe ya mililita 250 ina takriban miligramu 300, na mtindi vivyo hivyo. Mkoa wetu una bahati ya ufugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kiwanda cha Tanga Fresh kimekuwa kikikusanya maziwa ya wafugaji wadogo tangu miaka ya 1990. Lakini si kila kaya inaweza kununua maziwa kila siku, na wapo ambao yakiwaingia tumboni huwasumbua. Hawa wengi wao huvumilia mtindi vizuri zaidi kuliko maziwa mabichi yaliyochemshwa.

Hapa inafaa tuseme wazi jambo linalowapotosha wengi. Tui la nazi ni jeupe kama maziwa, na katika jikoni zetu hutumika mahali ambapo wengine hutumia maziwa, ila kalsiamu yake ni kidogo mno: glasi nzima ya tui haifikii hata robo ya kalsiamu iliyomo katika glasi ya maziwa. Tui lina utamu wake na nafasi yake, na mwandishi wa makala haya hana nia ya kumharibia mtu wali wa nazi. Lisihesabiwe tu kama maziwa.

Chakula chenye kalsiamu nyingi kuliko maziwa kipo karibu zaidi, nacho ni dagaa. Siri ni kwamba dagaa huliwa pamoja na mifupa yake. Kiganja kimoja cha dagaa wakavu, wakiliwa wazima na vichwa vyao, huweza kutoa kalsiamu inayolingana na glasi ya maziwa au kuizidi. Samaki wakubwa kama nguru na changu wana protini nzuri, na protini nayo inahitajika kwa ajili ya mfupa na misuli, lakini kalsiamu yao imo katika miiba ambayo sisi huitupa. Kwa maneno mengine, katika nyumba nyingi za pwani anayekula kalsiamu ni paka. Mzee asiye na meno anaweza kusagiwa dagaa wakavu waliooshwa vizuri wakawa unga, ukachanganywa katika mchuzi au uji usio na sukari. Wasiwe dagaa wa chumvi nyingi: chumvi ikizidi, figo huitoa pamoja na kalsiamu. Ng'onda na papa mkavu wa chumvi waliwe kwa kiasi, na hasa mwenye shinikizo la damu ajihadhari.

Ufuta usiokobolewa, majani ya mlonge na unga wa ubuyu navyo vina kalsiamu. Mchicha una madini hayo pia, lakini ndani yake mna tindikali inayoyashikilia hata utumbo ukashindwa kuyafyonza yote; usiachwe, kwa kuwa una faida nyingine nyingi, ila usitegemewe peke yake. Sukuma wiki na kabichi hutoa kalsiamu yao kwa urahisi zaidi. Ugali, wali na muhogo vina kalsiamu kidogo sana, na mzee anayekunywa chai ya rangi na kipande cha muhogo asubuhi na jioni hapati hata sehemu ndogo ya anachohitaji.

Jua la pwani na ua wa nyumba

Kalsiamu haiingii mwilini bila vitamini D, na vitamini D hutengenezwa na ngozi inapopigwa na jua. Watafiti waliowapima Wamasai na Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania, wanaoishi maisha ya asili nje juani, walichapisha matokeo mwaka 2012 yaliyoonyesha viwango vya juu vya vitamini hiyo: wastani wa nanomoli 115 kwa lita ya damu, karibu mara mbili ya vile vinavyoonekana kwa watu wengi wa Ulaya. Ingedhaniwa basi kwamba mtu wa Pangani hawezi kupungukiwa.

Lakini jua linalowaka nje halimsaidii aliye ndani. Katika nchi za Ghuba, ambako jua ni kali, upungufu wa vitamini D umeonekana kwa wanawake wengi wanaokaa majumbani na kujistiri mwili mzima wanapotoka. Kwa wazee kuna sababu ya pili: ngozi iliyozeeka hutengeneza vitamini hiyo kwa uchache. Nyumba za pwani zina ua, na ua una sitara. Bibi akikaa uani akichambua mchele au kusuka ukili, mikono, uso na miguu vikiwa wazi, kwa nusu saa hivi mara kadhaa kwa wiki, atakuwa amefanya la maana bila kuvunja heshima yake. Asiyeweza kutoka kabisa, familia izungumze na mhudumu wa afya kuhusu vidonge vya vitamini D.

Fumbo la Gambia

Msomaji makini atauliza: bibi zetu wa zamani hawakunywa glasi tatu za maziwa, mbona hatukusikia habari za nyonga kuvunjika? Swali hilo liliwashughulisha watafiti katika kijiji cha Keneba, nchini Gambia. Huko waliwakuta wanawake wa vijijini ambao chakula chao kilikuwa na kalsiamu isiyofika hata miligramu 400 kwa siku, na bado kuvunjika nyonga kulikuwa nadra. Walitembea sana, walilima, walibeba mizigo, na mfupa hukazwa na kazi. Hata hivyo wanawake hao nao walipokoma hedhi, mifupa yao ilipungua. Homoni haikumbagua mtu.

Kilichobadilika ni umri wetu na mwenendo wetu. Wanaofikia uzee ni wengi kuliko zamani. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu Watanzania zaidi ya milioni 3 walio na miaka 60 na kuendelea. Aliyekuwa akitembea kwenda shambani leo hupanda bodaboda. Na katika nchi za kusini mwa Afrika, watafiti walipoanza kuhesabu kwa makini, waliwakuta wazee Waafrika waliovunjika nyonga kuliko ilivyodhaniwa hapo awali. Inawezekana kabisa kwamba zamani tulikuwa nao, ila walifia nyumbani bila kuandikwa popote.

Kwa hiyo mwili uendelee kutumika. Kutembea ni kuzuri. La zaidi ni kuimarisha mapaja, kwa kuwa ndiyo yanayomzuia mtu asianguke. Zoezi rahisi ni kuketi kwenye kiti kigumu na kusimama bila kujishika kwa mikono, mara 10, asubuhi na jioni, ukuta ukiwa karibu kwa usalama. Anayeswali kwa kusimama, kurukuu na kusujudu tayari anaifanyia misuli yake mazoezi. Aliyekwisha kuvunjika pingili ya mgongo asilazimishe kuinama. Dini imemruhusu kuswali ameketi.

Vidonge vya dukani na dawa za hospitali

Vidonge vya kalsiamu vinatangazwa sana, na kuna wanaovileta majumbani kwa bei ya kuumiza wakiahidi mfupa mpya. Yafaa kujua matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2006. Wanawake zaidi ya 36,000 waliokoma hedhi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likapewa kalsiamu na vitamini D kila siku, jingine vidonge visivyo na dawa. Baada ya miaka saba, uzito wa mifupa ya nyonga uliongezeka kidogo kwa waliopewa kalsiamu, lakini idadi ya waliovunjika nyonga haikupungua kwa kiasi cha kuaminika, na mawe ya figo yaliongezeka. Mzee ambaye chakula chake ni duni anaweza kufaidika navyo kwa ushauri wa daktari. Aliye na chakula cha kutosha asiuze kuku wake kwa ajili hiyo.

Kuhusu kurudisha homoni yenyewe, uchunguzi mwingine wa Marekani uliowahusisha wanawake 16,608 ulisitishwa mwaka 2002 kabla ya muda wake. Estrojeni iliyochanganywa na homoni nyenzake ilipunguza kuvunjika kwa nyonga kwa takriban theluthi moja, kwa hiyo maneno ya Albright yalithibitika. Lakini iliongeza saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda mishipani. Tangu hapo homoni hizo hutolewa kwa uchaguzi mkubwa, zaidi kwa wanawake ambao hedhi imekoma karibuni au mapema mno, chini ya uangalizi wa daktari. Zipo pia dawa zinazowapunguza nguvu wabomoaji wa mfupa, kama alendronati. Humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji matupu, na mgonjwa hatakiwi kulala kwa nusu saa kwa kuwa kidonge kikikwama huunguza koo. Dawa hizi hazinunuliwi kwa kuelekezana na jirani.

Mzee akianguka

Bibi yangu mzaa mama alianguka uani akiwa na miaka 76. Tulimwinua, tukamlaza, tukamwita mkandaji. Kwa wiki tatu alikandwa kwa mafuta ya nazi na maji ya moto, akilia kila anaposhikwa, nasi tukisema mshipa umehama. Tulipompeleka hospitali vidonda vya kulala vilikuwa vimekwisha kumwingia. Aliishi miezi minne tu baada ya hapo. Nayaandika haya kwa sababu najua kwamba sisi hatukuwa familia ya kwanza kufanya hivyo wala ya mwisho.

Kuvunjika nyonga ni dharura. Hata katika nchi zenye hospitali nyingi, takriban mmoja kati ya wazee watano hufariki ndani ya mwaka mmoja baada ya kuvunjika, na mara nyingi kinachoua ni kulala kitandani: kichomi, damu kuganda miguuni, vidonda. Ndiyo maana matibabu hulenga kumsimamisha mapema, na kwa wengi hilo huhitaji upasuaji.

Alama zake ni hizi: maumivu ya kinena au nyonga baada ya kuanguka, kushindwa kusimama, na mguu mmoja kuonekana mfupi kuliko mwenzake huku unyayo umegeukia nje. Ukiziona, usimsimamishe, usimkande, wala usiuvute mguu. Weka mto au nguo zilizokunjwa kati ya miguu yake, uifunge pamoja kwa kanga, juu na chini ya goti, bila kukaza sana. Abebwe akiwa amelala, juu ya mlango uliong'olewa au kitanda cha kamba, na kamwe asipakatwe kwenye bodaboda. Kwa wakazi wa ng'ambo, kuanzia Bweni hadi Mkwaja, safari ya kwenda Hospitali ya Wilaya mjini Pangani ni ndefu na ina kuvuka mto. Uamuzi ufanyike saa ileile, bila kusubiri kesho. Kutoka hapo daktari anaweza kumpa rufaa ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam.

Kabla ya siku hiyo, itazameni nyumba kwa jicho la mzee. Mkeka unaoteleza juu ya saruji uondolewe. Ndoo na mbuzi ya kukunia nazi visiachwe njiani. Tochi iwe chini ya mto wake, kandambili zilizolika zitupwe, na msalani upigiliwe mti wa kushikilia ukutani. Macho yake yapimwe, kwa kuwa mtoto wa jicho huangusha wazee wengi. Kama anatumia dawa za presha au za usingizi na hupata kizunguzungu anaposimama, mhudumu wa afya aelezwe.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye miaka 60 na kuendelea, na wazee wasiojiweza wanastahili matibabu bila malipo. Ambaye hajapata kitambulisho aanzie kwa mwenyekiti wa kitongoji na ofisi ya kijiji, ambako majina huthibitishwa kabla ya kufika kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri. Mzee asiyeweza kutembea anaweza kuwakilishwa na ndugu katika hatua hizo za mwanzo. Ni vyema kitambulisho hicho kitafutwe mzee angali mzima, na kihifadhiwe mahali ambapo hata mjukuu anapajua.